Mkojo Usiozuilika: Je, Unavuja Namna Gani?

Huenda katika kijiji chako yupo mama ambaye hakai na wenzake. Kwenye mkutano wa kijiji husimama mbali, upande ambao upepo unavuma kutoka kwa watu kwenda kwake. Msibani hufika, hutoa pole, kisha huondoka kabla ya kuketi. Watu husema anaringa, au kwamba ana jambo na majirani. Kumbe mama huyu anavuja mkojo. Anaogopa kuketi kwenye mkeka wa watu akauacha umelowa.

Huenda pia yupo mzee ambaye ameacha kusafiri kwa basi hata kwenda kumwona mwanawe, kwa sababu hawezi kukaa saa moja bila kukojoa. Na yupo kijana aliyeanguka mwembeni au aliyepata ajali ya pikipiki, ambaye sasa hasikii haja kubwa inapokuja.

Watu hawa ni wengi kuliko tunavyodhani, maana kila mmoja hujificha peke yake. Wengine wamejificha kwa miaka 10 au 20. Wamefikiri wamerogwa, au kwamba ni malipo ya kosa fulani, au kwamba ni uzee tu. Leo tutaeleza kwamba kutoshika mkojo au choo ni ugonjwa wenye sababu zake, na kwamba namna unavyovuja ndiyo inayoonyesha sababu hiyo. Ukijua unavuja namna gani, utajua ni lipi unaweza kulifanya mwenyewe nyumbani, na ni lipi linahitaji daktari.

Mtungi wa maji

Mafigo yetu hutengeneza mkojo mchana na usiku. Mkojo huo hushuka kidogo kidogo katika kibofu. Kibofu ni mfuko wa misuli unaotanuka. Kwa mtu mzima huweza kubeba kiasi cha chupa ndogo ya maji, yaani karibu nusu lita, ingawa haja huanza kusikika kabla hakijajaa. Mlangoni mwa kibofu pana misuli inayobana. Chini yake, kati ya mfupa wa mbele na mfupa wa mkia, kuna misuli mingine iliyotandazwa kama machela. Hiyo huitwa misuli ya sakafu ya nyonga. Ndiyo inayobeba kibofu, kizazi na utumbo wa mwisho. Juu ya yote hayo ubongo hutoa amri kupitia uti wa mgongo: ngoja, au sasa kojoa.

Tuchukue mfano wa mtungi. Maji yanaweza kumwagika kwa sababu mfuniko umelegea. Yanaweza kumwagika kwa sababu mtungi unatikisika wenyewe. Yanaweza kufurika kwa sababu mtungi umejaa na maji hayana njia nzuri ya kutoka. Na yanaweza kuvuja kwa sababu mtungi umetoboka. Mkojo nao huvuja kwa njia hizo nne, na dawa ya njia moja si dawa ya nyingine. Hapo ndipo watu wengi hupotea. Mama mwenye tundu hupewa dawa ya kuzuia haraka ya mkojo, naye humeza miezi mingi bila nafuu. Mzee aliyefurika huambiwa apunguze maji, naye huzidi kuumia.

Anza na daftari

Kabla ya kwenda zahanati, jipime siku 3. Hakuna chombo cha gharama kinachohitajika. Tafuta kopo unalojua ujazo wake, au kata chupa ya maji ya nusu lita, liwe la kupimia mkojo tu. Chukua daftari na kalamu. Kila unapokojoa andika saa na kiasi. Kila unapovuja andika saa, na hasa andika ulikuwa unafanya nini. Andika pia ulichokunywa.

Ukurasa wako unaweza kuwa hivi: "Saa 1 asubuhi, chai kikombe kikubwa. Saa 2, nimekojoa nusu kopo. Saa 3, nimejitwisha ndoo, matone yametoka. Saa 5, nimekohoa, nguo imelowa kidogo. Usiku nimeamka mara moja, nguo ilikuwa kavu." Mganga akisoma maneno hayo machache, tayari amejua zaidi ya nusu ya anayotaka kujua.

Kama hujui kuandika, usikwame. Chora mstari kwa kila kukojoa na duara kwa kila kuvuja. Jua lililochomoza chora upande mmoja wa karatasi, mwezi chora upande wa pili, ili mchana na usiku visichanganyike.

Mtu mzima mwenye afya hukojoa mara 4 hadi 8 kwa mchana, na usiku huamka mara moja au haamki kabisa. Wazee huweza kuamka zaidi kidogo. Ukiona umepita mara 8 kwa mbali, na kila mara unatoa kidogo tu, hiyo ni habari. Ukiona unatoa kopo tele kila saa na kiu haiishi, hiyo ni habari nyingine, na ni lazima upimwe kisukari.

Mfuniko uliolegea

Kama mkojo hukutoka unapokohoa, unapopiga chafya, unapocheka, unapotwanga au kujitwisha mzigo, na ukitulia huvuji, basi misuli inayobana imelegea. Hali hii huwapata zaidi akina mama waliozaa mara nyingi, waliozaa watoto wakubwa, na waliokoma hedhi. Unene na kikohozi cha muda mrefu huongeza tatizo. (Kikohozi kilichofika wiki 2 kipimwe kifua kikuu kwa vyovyote, uwe unavuja au huvuji.)

Dawa ya kwanza hapa ni mazoezi. Daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliyaandika mwaka 1948, na mpaka leo ndiyo yanayotangulizwa kabla ya upasuaji. Hufanywa hivi. Jibane kama mtu anayezuia upepo usimtoke mbele ya wakwe, na wakati huohuo kama anayezuia mkojo. Utasikia nyama za chini zinavutwa kwenda juu. Tumbo liache, mapaja yaache, makalio yaache, na pumzi usiikate. Shikilia ukihesabu polepole mpaka 6. Ukizoea fika 10. Kisha legeza na upumzike kwa muda uleule. Rudia mara 8 hadi 10. Fanya hivyo asubuhi, mchana na jioni.

Hakuna mtu atakayejua unafanya mazoezi. Unaweza kuyafanya ukisonga ugali, ukipalilia, au ukiwa ndani ya basi. Ila usiyafanye kwa kukatakata mkojo kila unapokojoa, maana hilo humfundisha kibofu kubakiza mkojo ndani. Na usitazamie nafuu katika wiki moja. Misuli ni kama shamba jipya. Yape mazoezi miezi 3 bila kuacha. Wakati huo, kila unapotaka kukohoa au kuinua ndoo, jibane kwanza ndipo uinue.

Kama unasikia kitu kizito kinashuka ukeni, hasa jioni baada ya kazi, huenda kizazi kimeshuka. Hilo halimalizwi na mazoezi peke yake. Nenda ukachunguzwe.

Mtungi unaojitikisa

Wengine haja huwashika ghafla. Mtu yuko shambani, anasikia mkojo, na kabla hajafika chooni umeshamtoka. Huyu kibofu chake kinakurupuka kabla ya amri.

Hapa tafuta kwanza ugonjwa mwingine uliojificha nyuma. Mkojo ukiuma au kuchoma, au una harufu kali na homa, huenda kuna vijidudu katika njia ya mkojo. Mkojo wenye damu kwa mtu anayeoga au kulima penye madimbwi, mabwawa na majaruba ya mpunga, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Usukumani, ni dalili kubwa ya kichocho. Vidonge vya prazikwanteli hutibu kichocho, ila ukirudi katika maji yaleyale utaambukizwa upya. Kisukari na kiharusi navyo huweza kuleta haraka hii.

Kama magonjwa hayo hayapo, kibofu hufundishwa. Tazama daftari lako. Ikiwa unakojoa kila saa moja, jitahidi kungoja robo saa zaidi. Haja ikikushika usikimbie. Simama au keti, jibane mara kadhaa kwa haraka, vuta pumzi, ngoja wimbi lipite, ndipo uende kwa mwendo wa kawaida. Wiki ijayo ongeza robo saa nyingine, mpaka ufike saa 3. Kazi hii huchukua wiki 6 au zaidi. Punguza chai kali na kahawa, na pombe uiache. Vinywaji hivyo humchokoza kibofu.

Usipunguze maji. Karibu kila mtu anayevuja hufanya kosa hili, na tunaelewa kwa nini. Lakini mtu asiyekunywa maji hupata mkojo mzito, wa rangi ya chai, unaonuka zaidi na kuwasha ngozi zaidi. Pia hupata choo kigumu, ambacho hukikandamiza kibofu. Kunywa glasi 6 hadi 8 kwa siku, na zaidi wakati wa jua kali shambani. Jioni ndiyo unaweza kupunguza, saa 2 hivi kabla ya kulala.

Mtungi uliojaa ukafurika

Huyu wa tatu mara nyingi ni mwanamume mzee. Husimama chooni muda mrefu, mkojo hutoka kwa shida, mkondo mwembamba, unakatika na kuanza tena. Akimaliza husikia bado kumejaa. Kisha mchana na usiku matone humtoka. Watu humwona analowa, wakadhani mkojo wake ni mwingi na unatoka kirahisi, kumbe njia imebanwa na tezi dume iliyokua. Majeruhi wa uti wa mgongo na wagonjwa wa siku nyingi wa kisukari nao huweza kufurika, kwa sababu kibofu kimepoteza nguvu au habari haifiki kwenye ubongo.

Mtu wa namna hii anahitaji hospitali. Kibofu kikikaa kimejaa, mkojo hurudi nyuma na kuharibu mafigo. Hospitalini anaweza kuwekewa mpira wa kutolea mkojo, akapewa dawa au akapasuliwa. Akirudi nyumbani na mpira, mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu wakati wote, lakini usiguse sakafu. Anayeushika anawe mikono kwa sabuni kabla na baada. Mpira usivutwe, usikunjwe, wala usichomolewe nyumbani. Ukiziba au mgonjwa akipata homa, arudishwe siku hiyohiyo.

Mtungi uliotoboka

Sasa tuje kwa yule mama wa mwanzo, anayesimama mbali na watu. Daftari lake halina saa. Mkojo humtoka akiwa amesimama, akiwa ameketi, akiwa amelala, mchana na usiku, bila kukohoa na bila kusikia haja. Wengine kinyesi nacho hutokea ukeni. Akiulizwa vizuri atakwambia, "Ilianza baada ya uzazi wangu ule uliokuwa mgumu." Huu ndio ugonjwa wa fistula.

Fistula hutokea hivi. Mama anapata uchungu, lakini mtoto hapiti. Labda nyonga za mama ni ndogo, labda mtoto amekaa vibaya. Kichwa cha mtoto hukandamiza kibofu kwenye mfupa kwa siku nzima, pengine siku mbili au tatu. Nyama iliyobanwa namna hiyo haipati damu, nayo hufa. Mara nyingi mtoto naye hufa. Baada ya siku chache nyama iliyokufa hudondoka, pakabaki tundu kati ya kibofu na uke, au kati ya utumbo wa mwisho na uke. Ndiyo maana mama hashuku kitu siku ya kwanza. Huanza kulowa wakati bado analia msiba wa mtoto. Wengine pia mguu hulegea wakashindwa kuinua kanyagio, kwa sababu mishipa ya fahamu nayo ilibanwa.

Tundu lingine huweza kutokea kwa bahati mbaya wakati wa upasuaji. Lakini chanzo kikubwa katika nchi zetu ni uchungu uliochukua muda mrefu bila msaada. Hakuna mchawi katika habari hii. Wala haukuletwa na uzinzi, kama baadhi ya wakwe wanavyosema wanapomfukuza mwali. Umeletwa na umbali wa hospitali, kukosa nauli, barabara mbovu, na wakati mwingine uamuzi wa wanaume waliokaa nje ya nyumba wakisema, "Tungoje mpaka asubuhi."

Sikiliza vizuri sehemu hii. Mama aliyetoka kujifungua kwa shida, akianza kuvuja katika wiki za kwanza, apelekwe hospitali mara moja, asingoje arobaini. Tundu likiwa dogo na bado bichi, daktari huweza kumwekea mpira wa mkojo kwa wiki 4 hadi 6 ili kibofu kikae kikavu, na tundu huweza kujifunga lenyewe bila kisu. Nafasi hiyo hupotea kwa kukaa nyumbani.

Kama muda umepita, upasuaji upo. Daktari kwanza hupima. Huweka pamba ukeni na maji yenye rangi katika kibofu, kisha hutazama pamba ipi imepata rangi. Hapo hujua tundu liko wapi. Baada ya kushona, mama hukaa na mpira kwa siku kadhaa, mara nyingi wiki 1 hadi 2, huku akinywa maji mengi. Wengi hupona kwa upasuaji wa kwanza. Wengine huhitaji wa pili, na wachache hubaki wakivuja kidogo hata tundu likiwa limefungwa. Hao mazoezi tuliyoeleza hapo juu huwasaidia. Hata aliyekaa na tundu miaka 20 anaweza kushonwa.

Baada ya upasuaji mama asilale na mume kwa muda wa miezi 3 angalau, wala asibebe mizigo mizito. Mume afahamishwe haya na mganga mwenyewe, siyo aachiwe mgonjwa akajieleze. Na akipata mimba tena, ajifungulie hospitali kwa upasuaji. Akijaribu nyumbani, tundu linaweza kufunguka upya.

Gharama je? Hapa Tanzania, Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikitibu fistula bila malipo. Mwaka 2009 ilianza kutuma nauli za wagonjwa kwa njia ya simu, baada ya kuona kwamba wengi walizuiwa na nauli kuliko kitu kingine. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, Hospitali ya Bugando pale Mwanza nayo ina huduma hii. Muulize mganga wa zahanati yako akuandikie barua ya rufaa na akueleze utaratibu wa sasa wa safari. Tangu mwaka 2013 tarehe 23 Mei ni siku ya fistula duniani, na siku hizo hospitali nyingine huita wagonjwa kwa redio. Ukisikia tangazo, mpelekee habari yule ambaye hana redio.

Kuhusu choo

Watu huzungumza kuhusu mkojo kwa shida, na kuhusu kinyesi hawazungumzi kabisa. Hapa tutaje mambo mawili.

La kwanza ni mama aliyechanika msamba wakati wa kujifungua, mpaka misuli ya njia ya haja kubwa ikakatika. Akishonwa vizuri siku ileile hupona. Asiposhonwa, upepo na choo humtoka bila kutaka. Hata baada ya miaka huweza kushonwa, kwa hiyo asikate tamaa.

La pili huwadanganya hata wauguzi. Mzee aliyelala kitandani anatokwa na choo chepesi kila mara, nguo zinachafuka mara 5 kwa siku. Watu husema anahara, wakampa dawa ya kufunga choo. Lakini mara nyingi utumbo wake umezibwa na choo kigumu kama udongo wa kufinyangia, na ule uchafu mwepesi unapenya pembeni tu. Dawa ya kufunga humzidishia. Ukiona mgonjwa alikosa choo siku kadhaa, tumbo limejaa, kisha akaanza kutokwa na maji machafu kidogo kidogo, mwambie mganga maneno hayo kama yalivyo. Atampima kwa kidole na kumfungua.

Baada ya kufunguliwa, kazi ni kuzuia choo kisigande tena. Ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe. Maharage, mchicha, matembele, papai na machungwa vyote husaidia, pamoja na maji ya kutosha. Utumbo huamka wenyewe baada ya kula, kwa hiyo mpeleke chooni kila siku nusu saa baada ya chakula cha asubuhi, hata kama hajasikia haja. Asiyeweza kuchuchumaa, seremala amtengenezee kiti chenye tundu na ndoo chini yake. Kiti hicho kikikaa karibu na kitanda huokoa shuka nyingi, kwa mkojo vilevile.

Ngozi, nguo na harufu

Wakati unatafuta tiba au unangoja mazoezi yafanye kazi, unapaswa kuishi na watu. Tumia vitambaa vya pamba, khanga za zamani zilizokunjwa mara kadhaa zinafaa sana. Badilisha kabla hakijalowa chote. Osha ngozi kwa maji safi na sabuni kidogo isiyo kali, kausha kwa kubonyeza bila kusugua, kisha paka mafuta ya mgando kidogo ili mkojo usiguse ngozi. Usitie majivu, dawa ya meno wala mitishamba ukeni. Tumeona ngozi iliyoungua kwa dawa hizo kuliko kwa mkojo wenyewe.

Vitambaa vifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Tunajua watu huvificha chini ya kitanda ili wageni wasivione, lakini kitambaa kilichokauka gizani hubaki na unyevu, harufu na vijidudu. Anika nyuma ya nyumba, na ukipenda tandaza khanga nyingine juu yake. Jua litapenya. Kitandani weka nailoni chini ya shuka, usilalie nailoni yenyewe.

Dalili zisizongoja daftari

Mtu aliyepoteza ghafla mkojo na choo, miguu imekufa ganzi au haina nguvu, na hasikii vizuri sehemu za kukalia, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Uti wa mgongo umebanwa, na kila saa ina thamani. Vilevile anayeshindwa kabisa kukojoa na tumbo la chini limevimba. Mama mjamzito akitokwa na maji asiyoweza kuyazuia asidhani ni mkojo tu. Huenda chupa imepasuka, aende kituo cha afya sasa hivi. Na uchungu ukipita muda wa saa 12 mtoto hajatoka, usafiri utafutwe usiku huohuo. Bora zaidi ni kuwa umeshatafutwa tangu mimba ina miezi 7, na mwenye pikipiki au gari amekwisha kuzungumziwa bei.

Kwa mwingine yeyote, ukimaliza siku zako 3 chukua daftari uende zahanati. Kama unaona haya kusema mbele ya watu waliopanga foleni, mwambie muuguzi kwamba una jambo la faragha. Ndani, anza na maneno haya: "Ninavuja. Ilianza mwaka fulani, baada ya jambo fulani. Hunitoka ninapofanya hivi." Kisha mpe karatasi asome. Akikujibu kwamba ni kawaida ya uzazi au ni uzee, mwombe kwa heshima akuandikie rufaa ya hospitali ya wilaya.